Nilimchapa kwa kukosa Alfajiri, mama yake akaniletea visheti

BARUA

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo Mama Mshauri.

Mimi ni kijana wa miaka 19, nasoma kidato cha sita katika seminari ya Kiislamu ya bweni, wavulana watupu, huku Tanzania Bara. Jina la shule na la mkoa naomba yabaki kwangu. Nipo hapa tangu kidato cha kwanza, kwa hiyo huu ni mwaka wangu wa sita. Mwezi wa saba wenzangu walinichagua kuwa amiri, yaani kiongozi wa wanafunzi. Sikulazimishwa, niliutaka uongozi huo. Jina langu liliposomwa msikitini baada ya Isha nililia kwa furaha, na nilipompigia mama kwa simu ya ofisini naye akalia.

Amiri aliyemaliza aliniachia vitu vitatu: daftari la shura (kikao cha viongozi), ufunguo wa stoo ya mikeka, na Bilali.

Bilali ni kipande cha mpira wa maji, ule mweusi mgumu, urefu wake dhiraa moja. Upande wa kushikia umezungushiwa kitambaa usiteleze. Hakuna anayejua nani alikipa jina hilo. Kinaitwa hivyo kwa sababu kinaamsha watu kwenda kuswali. Kengele yetu hulia saa kumi na nusu alfajiri, viranja wa Idara ya Ibada wanapita bwenini wakigonga vitanda, na ikishakimiwa swala, yaani ikitangazwa kwamba inaanza, yeyote atakayekutwa ndani anapangwa mstari kwenye tangi la maji. Mimi mwenyewe nilipangwa hapo nikiwa kidato cha kwanza na cha pili. Sikuona ajabu. Nikisimulia, nilikuwa nasema Bilali ndiye aliyenifanya mtu.

Mwezi wa nane kulikuwa na mtoto wa kidato cha kwanza aliyekosa Alfajiri mara tatu katika wiki moja. Mdogo wa umbo, mpole, Kurani anaisoma vizuri. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Nilipitiwa, amiri." Nikamchapa nne za mkononi. Hakulia. Aling'ata ukosi wa kanzu yake tu.

Siku mbili baadaye niliamka saa tisa usiku nipate rakaa mbili za tahajudi. Nilipofika pa kutawadhia nikasikia maji yanamwagika. Alikuwa yeye, amechuchumaa gizani na fulana tu, anafua shuka na kanzu yake. Harufu nikaijua, Mama. Aliponiona alisimama wima, maji yanamchuruzika, akaninyooshea mkono. Alidhani nimekuja na Bilali.

Sikusema neno. Niligeuka nikarudi kitandani na tahajudi sikuswali. Kumbe siku zote tatu alikuwa anakojoa kitandani, anafua, na kanzu anayo moja ya kuvaa msikitini, haijakauka. Anajificha ndani, anaona bora fimbo kuliko watu kujua.

Mwezi wa tisa ikaja siku ya wazazi. Mama yake alitoka mbali, kalala njiani. Yule mtoto akamshika mkono akamleta kwangu, akamwambia, "Mama, huyu ndiye amiri wetu." Mama akafungua kapu akatoa kopo la visheti, akanikabidhi kwa mikono miwili. Akaniambia, "Mwanangu, huyu baba yake tumemzika mwaka juzi. Hapa kaka yake ni wewe. Mwenyezi Mungu akulipe." Mtoto amesimama pembeni, anatabasamu. Hakumwambia mama yake kitu. Lile kopo lipo kwenye tranka langu, sijalifungua mpaka leo.

Jioni ile niliitisha shura nikatangaza kwamba hakuna tena kuchapa. Bilali nikamfungia stoo. Wiki ya kwanza safu za waswaliji wa Alfajiri zikashuka kutoka tisa hadi saba. Sasa ni wiki ya tatu, zimebaki tano. Ustadhi anayesimamia malezi aliniita akaniambia, "Amiri, safu zimepungua. Uongozi si huruma." Hakusema nirudishe mpira, wala hakusema nisirudishe.

Naibu wangu ni rafiki yangu tangu tukiwa kidato cha kwanza, tumelala kitanda kimoja cha deka miaka minne, yeye juu mimi chini. Ananiambia nimelegeza kamba na kwamba Mtume (s.a.w.) mwenyewe ameamrisha watoto wapigwe kwa ajili ya swala wakifika miaka kumi. Wiki iliyopita nimegundua anachapa kwa siri, kwa mkanda. Mtoto mmoja wa kidato cha pili mkono ulivimba, akashindwa kushika kalamu darasani, akasema ameanguka. Nikimripoti naibu kwa mkuu wa shule atafukuzwa. Yeye ni yatima, ada analipiwa na mfadhili, na mitihani yetu ya taifa ni mwezi wa tano. Nitakuwa nimemmaliza.

Nifanye nini? Nirudishe Bilali mpaka tumalize mwaka? Nijiuzulu? Nimripoti ndugu yangu? Na yule mtoto nimwambie nini? Hata visheti sijui, nile au nivirudishe.

Amiri, kidato cha sita


JIBU

Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimekaa nayo siku nne kabla ya kukujibu. Kuna mahali ndani yake nikifika naisimamisha kusoma. Ni pale mtoto aliponyoosha mkono gizani bila kuambiwa. Nadhani na wewe ndipo ulipokwama, ingawa maswali yako yamezunguka mengine: safu, naibu, mpira, mitihani. Hayo nitayafikia. Lakini nianze kwa kukwambia kwamba kijana aliyeona mkono ule na asilale, hajapoteza kitu. Wangapi wameuona wakasema "lete na wa pili"?

Nikikuelewa vizuri, hali yako ni hii. Umepewa uongozi ukiwa na kifaa chake, na kifaa hicho kilikulea wewe mwenyewe. Umegundua kimemwumiza asiye na kosa, ukakiweka chini peke yako, kwa siku moja, kwa tangazo. Sasa watu hawaji, wakubwa wanakutazama, rafiki yako anafanya kwa siri ulichokikataza hadharani. Na mama wa watu amekuita kaka wa mwanawe. Ni mzigo mzito kwa mtu wa miaka 19 ambaye pia ana mitihani.

Niruhusu niseme juu ya jina la ule mpira, kwa sababu limenikera moyoni. Bilali bin Rabaha alikuwa mtumwa Makka. Bwana wake, Umayya bin Khalaf, alikuwa akimlaza kwenye mchanga wa mchana na jiwe kifuani ili aiache dini, naye akisema "Ahad, Ahad", yaani Mungu ni Mmoja. Mtu huyo ndiye Mtume (s.a.w.) aliyemchagua awaite watu kuswali Madina, na alichowaitia ni sauti. Mtu aliyepigwa kwa ajili ya imani, leo jina lake limepewa kitu cha kupigia watoto kwa ajili ya imani. Hukulibuni wewe, najua. Ila nakuomba ufikirie: wale wadogo wakimsikia Bilali akitajwa katika somo la sira, kitu gani kinawajia mwilini?

Sasa safu. Unaniandikia tisa zimekuwa tano, na ninasikia hofu katika hesabu hiyo. Lakini hebu tuzitazame zile nne zilizopotea. Zilikuwa nini? Ikiwa mtu alikuwa anakuja kwa sababu ya mpira, ulipoondoka mpira yeye aliondoka, na hilo halionyeshi kwamba umeharibu kitu. Huenda linaonyesha tu kitu ambacho hakikuwepo tangu zamani, mpira ukawa unakificha. Halafu uliondoa cha zamani bila kuweka kipya. Wiki tatu ni chache. Watu mia kadhaa walioamshwa kwa maumivu miaka na miaka hawatajifunza kuamka wenyewe ndani ya siku ishirini na moja.

Lipo na swali ambalo barua yako hailitaji. Hao wasiokuja, umemuuliza mmoja wao kwa nini? Najua ulimuuliza yule mtoto, akakwambia alipitiwa. Lakini "nilipitiwa" ni jibu ambalo mtoto humpa mtu aliyeshika mpira. Ungemuuliza mikono yako ikiwa mitupu, pengine usingepata ukweli siku ya kwanza, wala ya pili, ila ungeupata.

Mimi nililea bweni la wasichana miaka kumi na moja kabla sijaanza kujibu barua hizi. Tulikuwa na tatizo hilohilo la Alfajiri, na kila Ijumaa tulikuwa tunawahutubia kuhusu uvivu na shetani. Mpaka usiku mmoja nikaamua kuamka nao na kukaa tu pa kutawadhia, nitazame. Mabomba yalikuwa mawili na wasichana themanini. Walio mwisho wa foleni walikuwa wanajua kabisa kwamba mpaka wafikie maji swala itakuwa imekimiwa, na kuingia msikitini umechelewa mbele ya watu ni aibu, basi wanarudi kitandani. Tukaanza kujaza ndoo sita za maji jioni na kuzipanga ukutani pamoja na makopo. Hotuba ya uvivu hatukuihitaji tena kwa wengi wao. Kwenu inaweza kuwa kitu kingine kabisa: taa ya njia ya msikitini imekufa, watoto wanasoma prepu mpaka saa sita usiku, mmoja anaumwa na anaogopa kusema. Hayo hayajulikani kwa kugonga vitanda.

Na huyu wako anajulikana tayari. Kukojoa kitandani kwa mtoto wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne hakumaanishi uvivu wala tabia mbaya. Wapo wengi zaidi ya unavyodhani, katika kila bweni. Mara nyingi usingizi wake ni mzito mno na kibofu hakimwamshi. Wakati mwingine ni ugonjwa wa njia ya mkojo, na wakati mwingine huanza baada ya msiba. Wewe umeniambia alizika baba mwaka juzi. Hofu huongeza, haipunguzi. Anastahili kuonwa na mganga kituo cha afya, kupunguza maji na chai baada ya Magharibi, mtu mmoja anayeaminika kumwamsha usiku akajisaidie, na plastiki chini ya shuka. Halafu jambo dogo ambalo sina hakika kama kuna aliyemwambia: mkojo hauwajibishi josho, yaani kuoga mwili mzima. Anaosha palipopata, anabadilisha nguo, anatawadha, anaswali. Huenda kinachomzuia kuja msikitini ni kanzu moja tu iliyolowa. Msikitini kwenu hakosekani mwenye kanzu ya ziada.

Kuhusu hadithi anayoitoa naibu wako. Ipo, imo katika mkusanyiko wa hadithi wa Abu Dawud, na mimi si mufti wa kuisemea. Nakupa tu ya kumuuliza shekhe wenu. Maneno yake yanawaelekea wazazi na walezi kuhusu watoto wao. Yanatanguliza miaka mitatu mizima ya kuamrisha kwa maneno, tangu saba hadi kumi. Na wanazuoni walioliruhusu pigo hilo wameliwekea masharti mazito: lisijeruhi, lisiwe usoni, lisitoke kwenye hasira. Je, mwanafunzi wa miaka 19 anayemchapa mwanafunzi mwenzake kwa mkanda, kwa siri, anasimama mahali gani katika hadithi hiyo? Ningependa swali hilo naibu alisikie kwa shekhe, katika darsa la viongozi wote, bila jina lake kutajwa. Kutoka kwako litamfikia kama mashindano.

Na sheria ya nchi iko wazi kuliko wengi wanavyofahamu. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinasema anayeruhusiwa kuchapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa ruhusa naye kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Kiranja hayumo. Amiri hayumo. Kwa hiyo ukisema "nirudishe mpira", mwanangu, ujue unarudisha kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa na mamlaka ya kukukabidhi.

Kuna riwaya nyingine ambayo katika mabweni yetu huisikii sana. Malik bin Huwayrith anasimulia, na imo katika Bukhari, kwamba alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) yeye na vijana wenzake wa rika moja, wakakaa kwake siku ishirini. Anasema Mtume alikuwa mpole, mwenye huruma. Alipohisi kwamba wameanza kuwatamani watu wao, aliwauliza wamewaacha nani nyumbani, kisha akawaambia warudi, wakafundishe, na swala ikifika mmoja wao aadhini na mkubwa wao awaongoze. Nimewaza sana kuhusu hao vijana. Walikuwa mbali na kwao kama nyie. Aliyekuwa na umma mzima wa kuongoza aligundua kwamba vijana fulani wamekumbuka nyumbani. Hawakumwambia. Aliona tu. Nawe usiku ule umeona. Kazi ya amiri inaweza kuwa inaanzia hapo, ingawa haipo kwenye daftari la shura.

Nikija kwenye njia ulizozitaja.

Kujiuzulu kunavutia. Kutakupa usingizi na muda wa kusoma. Lakini jiulize ni nani atashika nafasi yako kesho yake asubuhi, na ufunguo wa stoo atakuwa nao nani. Upande wa pili, kama unaona huwezi kulala wala kusoma, na mtihani ndio njia yako na ya mama yako, kubaki kwa ajili ya watu na kujivunja mwenyewe nako kuna gharama yake. Sitakwambia lipi.

Kurudisha mpira mpaka mwezi wa tano kutarudisha safu, nadhani. Kutamrudisha pia yule mtoto kwenye mstari wa tangi, labda mkononi mwa mwingine, na wewe utakuwa msikitini unaswalisha huku ukijua.

Kunyamaza kuhusu naibu ndiyo njia ninayoiogopa zaidi, na hapa nisikufiche. Mkono uliovimba hadi kalamu haishikiki unaweza kuwa na mfupa uliopasuka. Usingoje shura. Huyo mtoto anatakiwa aonwe na mganga, na mtu mzima mmoja ajue leo. Pengine una mwalimu unayemwamini zaidi ya wengine. Pengine ni mpishi au mlinzi ambaye mkuu wa shule humsikiliza. Ikiwa kila mlango hapo shuleni umefungwa, ipo namba 116, simu ya huduma kwa mtoto Tanzania, haitozwi. Mwezi Agosti 2022 katika pesantreni moja kubwa ya Jawa Mashariki huko Indonesia, shule za bweni za Kiislamu kama zenu ambako wakubwa husimamia maisha ya wadogo, mwanafunzi alifariki baada ya kupigwa na wakubwa wake kwa sababu ya vifaa vya kambi. Familia iliambiwa kwanza kwamba alichoka. Ukweli ulikuja kujulikana baadaye, na shule ikaomba radhi hadharani. Waliompiga walikuwa viongozi, vijana waliokuwa karibu kumaliza masomo, kama naibu wako. Sikuelezi hili nikutie hofu. Nalieleza kwa sababu unaogopa kumwangamiza rafiki yako kwa kusema, na mimi naogopa ataangamia kwa mkanda wake mwenyewe siku ambayo pigo litakwenda pabaya.

Umeandika "nimripoti ndugu yangu" kana kwamba ni kumsaliti. Mtume (s.a.w.) alisema mtu amsaidie ndugu yake akidhulumu au akidhulumiwa. Wakamuuliza, anayedhulumu tunamsaidiaje? Akasema kwa kumzuia asidhulumu. Kwa hiyo swali langu ni hili: kati ya kunyamaza na kumripoti ili afukuzwe, hakuna kitu katikati? Unaweza kukaa naye, nyie wawili, kabla hujaenda popote, ukamwambia unajua kuhusu mkanda na unajua kuhusu ule mkono. Unaweza kumwambia kwamba utakwenda kwa mkuu wa shule siku fulani, na unataka mwende pamoja, yeye aseme lake na wewe useme lako la yule mtoto wa kidato cha kwanza. Kwa sababu na wewe unalo, mwanangu. Ukienda na makosa yake peke yake utakuwa mshitaki. Ukienda na yenu wote wawili, na Bilali mkononi ukamweka juu ya meza, mkuu wa shule atakuwa ana kazi ya kuangalia desturi nzima, si kijana mmoja yatima wa kutolewa kafara. Hatari ipo: anaweza kuwaadhibu wote. Anaweza kusema hajui lolote. Naibu anaweza kukataa na kukuona adui, na miaka minne ya kitanda cha deka ikaishia hapo. Hiyo itauma. Siwezi kukwambia haitauma.

Na ustadhi wa malezi, usimfungie hesabu bado. Umeniandikia mwenyewe kwamba hakusema urudishe mpira. Huenda anangoja uulize. Huenda na yeye alipangwa mstari kwenye tangi lake, miaka hiyo, na hana neno lingine la kukupa zaidi ya alilopewa. Ungemwuliza waziwazi, "Ustadhi, unataka niwachape?", ungejua umesimama wapi. Ukienda na kitu mkononi itakuwa rahisi zaidi: kila kiongozi achukue vitanda kumi, awajue watu wake kumi kwa majina na kwa matatizo, aamke mapema kuliko wao. Sina uhakika kama hilo litafaa kwenu. Mnalijua bweni lenu nyinyi.

Nimeliacha la mtoto mwisho kwa sababu ndilo gumu zaidi kwangu.

Imo katika Muslim kwamba Abu Mas'ud alikuwa akimchapa mtumwa wake mdogo kwa mjeledi, akasikia sauti nyuma yake ikimwita. Hasira zilimziba hata hakuitambua. Ilipokaribia akaona ni Mtume (s.a.w.), mjeledi ukamdondoka, akaambiwa kwamba Mwenyezi Mungu ana uwezo zaidi juu yake kuliko alio nao yeye juu ya huyo kijana. Abu Mas'ud akamwacha huru papo hapo. Wewe mjeledi umeshakudondoka. Kilichobaki ni haki ya mja, ya mtu uliyemkosea, na hiyo unajua iko kwa mwenyewe.

Ila namna ya kuiendea ndiyo inayonipa wasiwasi. Ukimwomba radhi mbele ya watu utakuwa umejisafisha wewe na kumwanika yeye, maana watauliza kulikoni. Ukimwomba faraghani na kungoja jibu, atasema amekusamehe, kwa sababu mtoto wa kidato cha kwanza hana namna nyingine ya kumjibu amiri. Je, utaweza kumwambia umekosea na usimdai neno lolote? Utaweza kukaa mwaka mzima bila kujua kama amekusamehe, huku unamwamsha saa nane usiku akajisaidie? Na mama yake, ukimwambia ukweli wote utakuwa umetoa siri ambayo mtoto ameilipia kwa viboko vinne asiitoe. Siri hiyo ni yake. La kwako ni lile la mkono wako, na huenda siku moja ukahitaji kumwambia mama huyo hilo tu. Sijui kama ni sasa.

Umeniuliza ule visheti au uvirudishe. Kuvirudisha, mama atataka sababu. Lakini yule aliyevibeba kutoka nyumbani ni mama, na aliyekuvuta mkono ukavipokee ni mwanawe, naye amekuwa akikuona kila siku bila kukuona ukivila. Sidhani hajagundua. Kama utaamua kulifungua kopo, pengine usilifungue peke yako. Baada ya Isha, pale kwenye ngazi za bweni ambapo watu hupita na hakuna anayeshangaa amiri kukaa na mdogo, visheti katikati yenu. Fanya kabla havijaanza kunuka mafuta.

Niandikie baada ya likizo ya Desemba. Nitataka kujua mkono wa yule wa kidato cha pili umeponaje.

Mama yenu, Mshauri